Kiingilio, Nauli na Saa ya Mechi: Kati ya Dortmund na Kwa Mkapa

Kila inapopita mechi ya Ligi Kuu ya Tanzania iliyochezwa mbele ya viti vitupu, mjadala unaofuata nyumbani huwa ule ule: kiingilio kipunguzwe, au mzunguko, yale majukwaa ya bei ya chini kabisa, ufunguliwe bure, na watu watakuja. Ninaishi Dortmund, mji wa Ujerumani ambao wenyeji wake hupanga hata harusi na likizo baada ya kuangalia ratiba ya mpira, na kwa muda wote niliokaa hapa nimekuwa nikiupima mjadala huo kwa yale ninayoyaona siku za Jumamosi. Nimefika mahali pa kuamini kwamba bei ina uzito mkubwa, lakini uzito huo hauonekani sana kwenye idadi ya watu wanaoingia uwanjani. Unaonekana kwa wale wanaoingia ni akina nani, na kama wana uhakika kwamba mechi ijayo watakuwepo tena.

Tuanze na Uingereza, kwa sababu ndiyo ligi ambayo vijana wa Manzese na Mbagala wanaijua kuliko ya kwao, shukrani kwa vibanda umiza, vile vibanda vya kutazamia mpira kwenye runinga. Tarehe 15 Aprili 1989 ilitokea maafa ya Hillsborough, ambayo hatimaye yaliwagharimu maisha mashabiki 97 wa Liverpool, na Januari 1990 ripoti ya Jaji Taylor ikapendekeza majukwaa ya kusimama yaondolewe na viwanja vikubwa viwe vya kukaa kwenye viti pekee. Jambo linalosahaulika ni kwamba Taylor hakukusudia bei ipande. Alitoa mfano wa Ibrox, uwanja wa Rangers mjini Glasgow, ambako kiti kiliuzwa pauni 6 na nafasi ya kusimama pauni 4, akaona klabu nyingine nazo zinaweza kupanga bei za kumfaa yule aliyezoea kusimama. Klabu ziliyachukua mapendekezo ya viti na kuuacha huo ushauri wa bei. Ligi mpya ilipoanzishwa mwaka 1992, pamoja na fedha zake za televisheni, tiketi zilipanda kwa kasi ambayo mishahara ya watu wa kawaida haikuweza kuifuata.

Mwezi Februari 2016 Liverpool walitangaza kwamba tiketi ya bei ya juu katika jukwaa lao jipya ingefikia pauni 77. Katika mechi iliyofuata nyumbani, dhidi ya Sunderland, maelfu ya mashabiki waliinuka dakika ya 77 na kuondoka, timu yao ikiwa inaongoza 2-0. Sunderland wakasawazisha, na siku chache baadaye wamiliki wakaomba radhi na kuifuta bei hiyo. Msimu uliofuata ligi iliweka kikomo cha pauni 30 kwa tiketi za mashabiki wageni, wale wanaosafiri na timu yao kwenda ugenini. Hata hivyo, mwishoni mwa mwaka 2024 Manchester United, katikati ya msimu, waliamua kuuza tiketi za wanachama zilizobaki kwa pauni 66, bila punguzo kwa watoto wala wazee.

Pamoja na yote hayo, viwanja vya Uingereza vimejaa. Anayesema kwamba bei kubwa hufukuza watu atajibiwa kwa takwimu za mahudhurio, na atashindwa hoja. Kilichobadilika ni jukwaa lenyewe. Kijana wa miaka 17 aliyekuwa akiingia na wenzake sita kwa fedha ya mfukoni ameondoka, na mahali pake amekaa mtu aliyepanga safari hiyo kwa mwaka mzima, anayetaka picha nzuri, na anayesubiri kuburudishwa. Simlaumu mgeni huyo, kwani amelipa fedha nyingi na ana haki ya kukaa anavyotaka. Lakini hajui nyimbo, na jukwaa zima likiwa la watu wasiojua nyimbo, kelele hutoka kwa mashabiki elfu tatu wa timu pinzani waliobanwa kwenye kona. Yeyote anayetazama mechi hizo kwenye runinga akiwa makini amewahi kulisikia hilo.

Hapa Ujerumani njia ilikuwa nyingine, na haikuwa kwa sababu Wajerumani ni watu wema zaidi. Kanuni ijulikanayo kama 50+1, iliyopitishwa mwaka 1998, inataka wanachama wa klabu wabaki na kura nyingi hata mwekezaji akiingia, isipokuwa kwa klabu chache zilizopewa ruhusa maalumu. Kiongozi anayetaka kupandisha bei anajua kwamba ipo siku atasimama mbele ya ukumbi wa wanachama wenye kumbukumbu ndefu. Matokeo yake ni kwamba majukwaa ya kusimama yalibaki, na tiketi ya kusimama ya mechi moja ya Bundesliga, ligi kuu ya huku, huwa kati ya euro 15 na 20. Bayern München, klabu tajiri kuliko zote nchini humu, kwa miaka mingi iliuza tiketi ya kusimama ya msimu mzima kwa kama euro 140, yaani mechi 17 za nyumbani.

Hapa Dortmund jukwaa la kusini, Südtribüne, hubeba watu wapatao 25,000 waliosimama, katika uwanja unaochukua zaidi ya 81,000. Tiketi za msimu hazipatikani kirahisi, kwa hiyo mimi huingia kwa kadi ya mfanyakazi mwenzangu siku anapopangiwa zamu ya Jumamosi. Kwenye ngazi ninayosimama, upande wangu wa kushoto huwa yupo mzee mstaafu wa kiwanda cha chuma, na mbele yetu mama mmoja na binti yake, ambao huweka mifuko yao kwenye nguzo ile ile ya chuma kila mara. Swali la kwanza aliloniuliza yule mzee lilikuwa, "Mwenye nafasi hii yuko wapi?" Hakuwa ananifukuza. Alitaka kujua kama mwenzake ni mgonjwa. Nilipomwambia yuko kazini aliridhika, akanishika bega, na kuanzia hapo akawa ananifundisha maneno ya nyimbo kwa kunipigia kelele sikioni. Watu hawa hawakukutana kwa bahati. Wamekutana kwa sababu bei imewaruhusu kurudi mahali pale pale mwaka baada ya mwaka. Sauti ile ambayo wageni husafiri kutoka nchi nyingine kuja kuisikia ni kazi ya majirani waliofanya mazoezi pamoja kwa muda mrefu.

(Katika mechi za Ulaya mambo yalikuwa tofauti, kwa kuwa UEFA, shirikisho la soka la Ulaya, ilitaka kila mtu awe na kiti na jukwaa hilo lilipunguziwa watu wengi; kuanzia mwaka 2022 imeruhusu kusimama kwa majaribio katika nchi chache.)

Wala isidhaniwe kwamba bei hizo zilitolewa kama zawadi. Mwaka 2010 mashabiki wa Dortmund wapatao 1,500 walisusia dabi yao, mechi ya mahasimu wa jirani, kwenye uwanja wa Schalke kwa sababu mwenyeji alikuwa amewapandishia bei kwa kuwa tu ni dabi. Kampeni yao ilidai kwamba nafasi ya kusimama isifike euro 20. Februari 2016, siku tatu tu baada ya watu wa Liverpool kuondoka dakika ya 77, mashabiki wa Dortmund waliosafiri kwenda Stuttgart kwa mechi ya kombe walibaki nje kwa dakika za mwanzo, kisha wakaingia na kumwaga mipira ya tenisi uwanjani kupinga bei za siku hiyo. Walipigania na saa ya mechi pia. Mechi za Jumatatu usiku, zilizokuwa zimewekwa kwa ajili ya televisheni, ziliondolewa kwenye Bundesliga kuanzia msimu wa 2021/22 baada ya malalamiko ya miaka kadhaa, kwa hoja rahisi kwamba mtu anayeamka alfajiri kwenda kazini hawezi kusafiri kilomita 500 Jumatatu usiku, hata tiketi ikiwa ya bei nafuu.

Hoja hiyo ndiyo inayonirudisha nyumbani. Kiingilio cha mzunguko cha shilingi 5,000, ambacho tumekizoea kwa mechi kubwa, si kikubwa kwa kipimo cha saa za kazi. Kima cha chini cha mshahara wa mtumishi wa umma ni shilingi 500,000 kwa mwezi tangu Julai 2025, na ukigawanya kwa saa za kazi utaona kwamba tiketi hiyo haifiki saa mbili. Mjerumani wa kima cha chini, aliyekuwa akipata euro 12.82 kwa saa mwaka huo huo, hutumia kati ya saa moja na saa moja na nusu kulipia nafasi ya kusimama. Najua wengi wanaojaza mzunguko hawana mshahara wa serikali, na kwa kijana anayebeba mizigo Kariakoo hesabu hiyo ni kali zaidi. Lakini hata kwake, tiketi ni sehemu tu ya gharama.

Mkazi wa Tegeta au Chanika anayekwenda Kwa Mkapa, yaani Uwanja wa Benjamin Mkapa jijini Dar es Salaam, atapanda magari mawili kwenda na mawili kurudi. Mzunguko hauna kiti chako, anayewahi ndiye anayekaa, kwa hiyo kwenye mechi kubwa atafika asubuhi kwa mchezo wa saa 10 au 11 jioni, na siku nzima ya kazi imekwenda. Atakula hapo nje, atanunua maji, pengine na jezi. Mechi ikianza saa 3 usiku, kama inavyotokea siku hizi, ataondoka uwanjani karibu na saa 5 na kutegemea bodaboda kwa bei atakayotajiwa. Katika klabu nyingi za huku tiketi ya mechi ndiyo pia tiketi ya treni na basi la mkoa kwa siku hiyo, na sijawahi kuona jambo jingine dogo linaloleta watu wengi hivyo. Sisi tunapunguza kiingilio kwa elfu mbili na kumwachia shabiki nauli ya elfu sita, huku televisheni ya Azam ikimwonyesha mechi hiyo hiyo sebuleni kwake, au kibandani kwa fedha ndogo.

Juu ya hayo kuna suala la uhakika. Tarehe 8 Machi 2025 dabi ya Kariakoo, kati ya Simba na Yanga, iliahirishwa siku yenyewe ya mchezo, wakati watu wameshakata tiketi, na ikachezwa tarehe 25 Juni. Sitaingia katika nani alikuwa na haki, maana hapo hatutamaliza leo. Ninachosema ni kwamba shabiki aliyepanda basi kutoka Mbeya hujifunza somo siku kama hiyo, na somo lenyewe ni kwamba runinga haidai nauli.

Kuhusu kufungua mzunguko bure, sioni kwamba ni ukarimu wenye tija. Uwanja hujaa siku hiyo, ndiyo, na picha huwa nzuri. Lakini mtu ambaye hakulipa hana sababu ya kuwahi kwa mpangilio wala kurudi wiki ijayo, na klabu haijui hata jina lake. Isitoshe, umati usiohesabika mapema ni hatari: Mei 28, 2023, kwenye mkondo wa kwanza wa fainali ya Kombe la Shirikisho Afrika kati ya Yanga na USM Alger, shabiki mmoja alifariki na wengine 30 walijeruhiwa kwa msongamano langoni, na hiyo ilikuwa mechi ya kiingilio. Tiketi ya bei ndogo iliyouzwa mapema inakupa idadi, na idadi ndiyo inayompangia askari mahali pa kusimama.

Sipendi kusikia ikisemwa kwamba hatuna hamasa. Siku ya Simba Day au Wiki ya Mwananchi, sherehe za Simba na Yanga za kabla ya msimu, ninawaonyesha wenzangu wa hapa video za simu, na huacha walichokuwa wakikifanya. Matarumbeta, vigelegele, akina mama waliopaka nyuso rangi, utani wa jadi unaoanza wiki nzima kabla: Dortmund haina kitu cha kufanana na hayo, na kauli ya "Kwa Mkapa hatoki mtu" haikuzuka hivi hivi. Tatizo ni kwamba hamasa hiyo ni ya sikukuu. Timu zile zile zikicheza Jumatano na klabu ya katikati ya msimamo, unasikia kocha akimwita beki kwa jina.

Klabu za mikoani nazilaumu kidogo sana. Simba au Yanga wakifika Tanga au Ruangwa, kiingilio hupanda mara mbili au tatu, na ingawa hicho ndicho walichokisusia watu wa Dortmund mwaka 2010, mwenyeji wa huko analipia nauli za nusu msimu kwa mechi mbili hizo.

Kwa vigogo wawili, hata hivyo, sioni kizuizi cha kuuza tiketi ya msimu ya mzunguko mwezi Julai. Ligi ina timu 16, kwa hiyo mechi za nyumbani ni 15. Kwa shilingi 45,000, ambazo mtu angeweza kuzidunduliza kwa simu elfu tano tano, kila mechi ingekuwa shilingi 3,000, dabi ikiwemo. Klabu zitajibu kwamba hazimiliki viwanja na kwamba leo wako uwanja wa KMC Complex, kesho kwingine. Basi tiketi hiyo isiwe ya kiti; iwe haki ya kuingia mechi zote za ligi za nyumbani, popote zitakapochezwa, na iuzwe kwa idadi ambayo uwanja mdogo unaweza kuibeba. Wengi watainunua kwa ajili ya dabi peke yake, na hilo halina ubaya, kwa sababu watakuwa wameshailipia na ile mechi ya Jumatano dhidi ya timu ya mkiani. Mechi hiyo nayo ianze saa 10 jioni, ili wa Chanika akute daladala bado zipo.