Wauguzi wa Wodi Namba 4

Miaka kadhaa iliyopita, katika hospitali niliyokuwa nafanya kazi, binti mmoja aliyetoka chuo juzi tu alinifuata chumba cha kubadilishia nguo akilia. Mkubwa wake wa kazi alikuwa akimshikashika kila zamu ya usiku. Nilimwambia avumilie kidogo, kisha aombe kuhamishwa wodi. Akahamishwa. Yule bwana akabaki palepale, na nafasi ya yule binti akapangiwa binti mwingine.

Nilidhani nimemsaidia. Nimebadilika baada ya kuijua habari ya Aruna Shanbaug, na natamani kila muuguzi aijue.

Aruna alikuwa nesi wa miaka 25 katika Hospitali ya KEM, Mumbai. Tarehe 27 Novemba 1973, akibadilisha nguo baada ya kazi, mfagizi wa hospitali alimvamia, akamkaba kwa mnyororo wa mbwa na kumnajisi. Ubongo wake ulikosa hewa. Hakusema tena wala kutembea tena. Wakubwa wa hospitali, kwa kile walichokiita kumlindia heshima, wakanyamazia unajisi, na kesi ikaenda mahakamani kama wizi na jaribio la kuua. Mtu yule alifungwa miaka saba, wala hakuwahi kujibu shtaka la kubaka. Hiyo ndiyo "heshima" niliyomlindia yule binti wangu.

Lakini wauguzi wa Mumbai hawakunyamaza. Waligoma, wakidai mwenzao atunzwe vizuri na mazingira yao ya kazi yawe salama. Miaka ya 1980 jiji lilipotaka kumtoa hospitalini ili kitanda kipate mgonjwa mwingine, wauguzi wa KEM waliandamana hadi mpango ukafa. Wakaendelea kumlisha, kumwogesha na kumgeuza, zamu kwa zamu, pale Wodi Namba 4, karibu miaka 42, mpaka alipofariki tarehe 18 Mei 2015. Wengi wao hawakuwahi kumsikia akiongea. Miaka yote hiyo hakupata kidonda cha kulalia hata kimoja! Aliyefanya kazi wodini anajua hiyo ni kazi ya mikono mingapi. Mwandishi mmoja alipoiomba Mahakama ya Juu ya India Aruna aachwe afe, mwaka 2011 mahakama ilisema wenye haki ya kumsemea ni watu wa hospitali ile, waliomtunza.

Mmoja wao angegoma peke yake, angefukuzwa kesho yake.

Huku kwetu Tanzania sisi tunakutana na ukatili huu kwanza kupitia wagonjwa. Mama anafika na taya limevimba, anasema ameteleza bafuni, mume amesimama mlangoni anasikiliza. Binti aliyebakwa anazungushwa kati ya kituo cha polisi na dirisha letu akitafuta PF3, ile fomu ya polisi ya matibabu, huku saa 72 za kuanza dawa za kumkinga na VVU zinayoyoma. Muuguzi mmoja akimtoa yule mume nje, ataitwa mkorofi. Wodi nzima ikiwa na utaratibu kwamba kila mgonjwa huonwa kwanza akiwa peke yake, hakuna wa kunyooshewa kidole. Na mwenzetu akiitwa kutoa ushahidi, tumshikie zamu, na wawili wetu wakakae naye mahakamani siku nzima. Nimeona kesi zikifa kwa sababu shahidi alichoka kwenda peke yake.

Mkutano wa tawi letu la chama cha wauguzi ni mwezi ujao. Nimeomba mambo mawili yaingie kwenye ajenda: asipangwe muuguzi mmoja peke yake usiku, na malalamiko ya kushikwashikwa yaandikwe kwa jina la tawi, si la aliyetendewa. Nimemtafuta yule binti, sasa ni sista wa wodi ya wazazi mkoa mwingine. Nilimwomba msamaha. Akaniuliza barua hiyo ya tawi itasainiwa na wangapi.