Mafuta ya Ziwa Albert yalipikwa wapi?

Mafuta ghafi ya Ziwa Albert, Uganda, yakikaa kwenye chupa chumbani huganda. Yana nta nyingi, na ndiyo maana bomba la kilomita 1,443 la kwenda Chongoleani, Tanga, limesanifiwa kupashwa joto la nyuzi 50 hivi njia nzima. Kwa mhandisi nta hiyo ni gharama. Kwa mtu wa jiokemia, anayesoma kemia ya miamba na mafuta, ni ushahidi wa asili yake.

Nta ya namna hiyo kwa kawaida hutokana na mwani wa ziwani na mabaki ya mimea ya nchi kavu, vilivyozikwa kwenye tope lisilo na oksijeni. Pitisha tone la mafuta hayo kwenye mashine ya kromatografia, inayotenganisha molekuli na kuzichora, utaona vilele vya mchoro vimesimama kama meno ya chanuo, na vile vya molekuli ndefu bado ni virefu pale ambapo mafuta mengi yenye asili ya bahari huwa yameshapungua. Baina ya meno hayo zimo molekuli zilizorithi umbo la viumbe hai. Mkemia Mjerumani Alfred Treibs ndiye aliyefungua mlango huo miaka ya 1930, alipokuta kwenye mafuta mabaki ya klorofili. Mfano mwingine ni molekuli iitwayo oleanani, inayotokana na mimea ya maua: ikionekana kwa wingi, hoja ya kwamba mafuta yalitoka kwenye miamba mikongwe ya Karoo, iliyotangulia mimea ya maua, inakuwa ngumu sana kuitetea. Yote hayo kwa chupa moja, bila kuchoronga kisima cha mamilioni ya dola.

Wenye shaka nao wana hoja, na naiona nzito. Molekuli zinakueleza jiko, yaani mwamba chanzo ulioyapika mafuta chini ya ardhi, lilikuwa la namna gani, hazikuonyeshi lilipo. Ili kuoanisha mafuta na mwamba chanzo, lazima uwe na kipande cha mwamba wenyewe. Visima huchorongwa kwenye miinuko ambako mafuta hunaswa, ilhali mwamba ulioyapika umelala chini kabisa ya bonde. Mara nyingi basi tunalinganisha mafuta na mafuta.

Mivujo nayo ina mitego yake. Pale Kibiro, kando ya ziwa, ambako wanawake wamekuwa wakitengeneza chumvi vizazi kwa vizazi, mafuta hujitokeza yenyewe juu ya ardhi. Lakini yakishafika juu, bakteria huanza kula molekuli zilizonyooka, na chanuo linang'oka meno. Kwenye mchanga wenye lami wa Wingayongo, Rufiji, tahadhari ni ileile, ingawa molekuli sugu kama hopani, zitokanazo na bakteria wa kale, huweza kudumu na kutoa habari.

Kwa hiyo maabara ikisema "si mwamba huu", mimi huiamini upesi. Ikisema "ni huu" bila kipande mkononi, nasubiri. Mamlaka zetu zidai vipande hivyo, vidogo kama ukucha, vinavyopanda na tope la uchorongaji: vioshwe, viandikwe kina, vihifadhiwe kwenye ghala la taifa, hata kisima kikitoka kikavu.