Ugonjwa wa kidole tumbo Uganda: ni nadra kweli, au hauhesabiwi?

Kwa miaka mingi imesemwa kwamba ugonjwa wa kidole tumbo (apendiksi, kifuko chembamba kilichoshikana na utumbo mpana) ni wa Wazungu na watu wa mjini, na kwamba mla kalo (ugali wa ulezi), viazi vitamu na maharage kule kijijini hana haja ya kuuogopa. Kauli hiyo haikuzuka tu. Denis Burkitt, daktari mpasuaji kutoka Ireland, alifika Uganda mwaka 1946, akafanya kazi Lira, kaskazini mwa nchi, na kisha hospitali ya Mulago, Kampala. Katika miaka yote hiyo aliona wagonjwa wa kidole tumbo wachache mno ukilinganisha na Uingereza. Mwaka 1971 aliandika kwamba sababu ni chakula: mlo wenye nyuzinyuzi nyingi hulainisha choo, ilhali unga uliokobolewa huacha kinyesi kigumu, na kipande kidogo tu kikiziba mdomo wa kidole tumbo, bakteria huzaliana humo, kinavimba na hatimaye kinapasuka.

Wanaombeza hujibu kwamba wagonjwa wa vijijini walifia nyumbani, hawakufika hospitali wakahesabiwa. Jibu hilo halinitoshi. Hospitali hizo hizo zilipokea wenye ngiri iliyokaba na wenye utumbo uliojisokota, nao walitoka mbali vilevile. Kama maumivu hayo yaliweza kumfikisha mtu hospitali, kwa nini ya kidole tumbo yasimfikishe? Naamini uchache ule ulikuwa wa kweli kwa sehemu kubwa.

Chenye mashaka ni maelezo ya chakula. Uingereza yenyewe, ugonjwa ulipanda kwa kasi mwishoni mwa karne ya 19 hadi miaka ya 1930, kisha ukaanza kushuka, na si kwa sababu watu walirudia unga usiokobolewa. Katika miaka ya 1980, David Barker, mtafiti wa magonjwa wa Chuo Kikuu cha Southampton, Uingereza, alitaka tuangalie maji na vyoo. Kwa hoja yake, mtoto anayekua kwenye usafi hakutani na maambukizi mengi utotoni. Virusi vikimpata baadaye, tezi ndogo zilizomo ndani ya kidole tumbo huvimba kupita kiasi na kukiziba. Tezi hizo huwa nyingi zaidi katika ujana, na ndiyo sababu naiona hoja hii ina uzito: wagonjwa wengi ni wa kati ya miaka 10 na 30. Marekani ilikadiriwa kwamba wanaume 8.6 kati ya 100 na wanawake 6.7 kati ya 100 huugua katika maisha yao.

Aliyeshinda kati ya Burkitt na Barker hanisumbui sana, maana kwa Uganda ya leo wote wawili wanaelekeza njia moja. Kampala, Mbarara na Gulu zinakula chipsi na chapati za unga mweupe, na maji ya bomba yanafika mitaani. Karibu nusu ya wananchi hawajafikisha miaka 18. Hata kama kiwango bado kiko chini ya cha Ulaya, umati wa vijana unaingia kwenye umri ule ule wa hatari.

Ninachokiogopa ni neno "nadra" linapofika kitandani kwa mgonjwa. Chukua mwanafunzi wa shule ya bweni. Jioni kitovu kinamuuma, hana hamu ya posho (ugali wa mahindi), anatapika. Anapewa Panadol na dawa ya malaria. Kesho yake maumivu yamehamia chini kulia, anatembea amejikunja. Kinapimwa kipimo cha taifodi, kile cha Widal, nacho kinaonyesha ndiyo, kwa kuwa mara nyingi kipimo hicho hunasa mabaki ya maambukizi ya zamani. Anaanzishiwa dawa. Siku ya tatu maumivu yanapungua ghafla na kila mtu anashukuru, kumbe kidole tumbo kimepasuka na usaha unasambaa tumboni. Hakuna aliyemfanyia uzembe wa makusudi. Walitibu magonjwa waliyofundishwa kuyatarajia.

Kuna kipimo kisicho na gharama ambacho kila mzazi anaweza kukitumia. Mwaka 2012 madaktari wa Uingereza waliwauliza wagonjwa kama maumivu yalizidi gari lilipopita kwenye matuta ya barabarani. Kati ya 34 waliothibitika kuwa na kidole tumbo, 33 walisema ndiyo. Hilo peke yake halitoshi kumpeleka mtu kwenye kisu, kwani wengi wasio na ugonjwa huo pia huumia, lakini kijana anayelia boda boda ikiruka tuta hafai kurudishwa bwenini.

Upande wa pili nao una haki yake. Tukishuku kidole tumbo kila tumbo linapouma, tutawapasua wasiohitaji, na wasichana ndio watakaoumia zaidi: maambukizi ya mirija ya uzazi, uvimbe wa ovari na mimba iliyotunga nje ya kizazi huuma mahali hapo hapo. Msichana anahitaji kipimo cha mimba na, inapopatikana, picha ya ultrasaundi kabla ya kisu. Lakini kosa la kumpasua asiye mgonjwa na kosa la kumwacha mgonjwa mpaka kipasuke hayalingani, hasa pale ambapo kituo cha afya cha daraja la nne chenye chumba cha upasuaji kiko mbali na daktari wake hayupo usiku.

Kwa hiyo swali la ni wangapi wanaougua lisitufunge macho tusiulize lingine ambalo daftari la chumba cha upasuaji linaweza kulijibu kwa safu moja tu: kati ya maumivu ya kwanza na upasuaji, zilipita saa ngapi?