Silinda Haizimwi kwa Kukata Waya wa Nozeli

Katika baadhi ya gereji za hapa Tabora, wenye magari madogo huahidiwa kwamba injini ya silinda nne inaweza kufungwa swichi ya kuzima silinda mbili safarini, na matumizi ya mafuta yakapungua kwa nusu. Naandika kwa sababu niliikubali ahadi hiyo kwa Probox yangu yenye injini ya 1NZ, na kwa sababu naamini kwamba wazo lenyewe ni zuri, ila namna linavyotekelezwa huku kwetu inaharibu injini za watu.

Mvuto wake unaeleweka. Kila Jumatano ya kwanza ya mwezi, EWURA, mamlaka inayodhibiti bei za mafuta nchini, inapotangaza bei kikomo, bei ya Tabora huwa juu ya ile ya Dar es Salaam, kwa kuwa kila lita imelipiwa safari yake kutoka bandarini. Mtu anayekwenda Urambo na kurudi mara mbili kwa wiki, kama mimi, huona tofauti hiyo mfukoni.

Kuzima silinda si uongo. Injini ya petroli inapokwenda mwendo wa wastani kwenye lami tambarare hutumia sehemu ndogo tu ya nguvu zake, na mlango wake wa hewa, yaani throto, huwa umefungwa kwa kiasi kikubwa. Kila pistoni inaposhuka hulazimika kuvuta hewa kupitia upenyo mdogo, kama mtu anayevuta bomba la sindano huku ameziba tundu kwa kidole, na kazi hiyo hulipiwa kwa petroli. Silinda mbili zikipumzishwa, zilizobaki hubeba mzigo wote, mlango wa hewa hufunguka zaidi, na uvutaji huwa mwepesi. Akiba hutoka hapo, wala haitoki kwenye idadi ya nozeli (vipulizia petroli) zilizonyamaza.

Lakini kuna sharti: valvu zote za silinda iliyopumzishwa, za kuingiza hewa na za kutoa moshi, zibaki zimefungwa. Hewa iliyonaswa ndani hubanwa pistoni inapopanda, kisha huisukuma inaposhuka na kurudisha sehemu kubwa ya nguvu iliyotumika kuibana. Volkswagen, ilipoleta mfumo huu kwenye injini yake ya 1.4 TSI mwaka 2012, ilibuni kemshafti (mihimili inayofungua valvu) zenye vipande vinavyosogea ili valvu za silinda ya 2 na ya 3 zisiguswe kabisa. Pamoja na ufundi wote huo, kampuni yenyewe ilitaja akiba ya takriban lita 0.4 kwa kilomita 100. Cadillac nao walijaribu mwaka 1981 kwa injini ya V8 iliyoweza kushuka hadi silinda sita au nne, lakini kompyuta za wakati ule hazikuimudu kazi hiyo, na baada ya mwaka mmoja injini ile ikaondolewa kwenye magari yao mengi.

Swichi ya gereji hukata umeme wa nozeli mbili, basi. Valvu huendelea kufunguka na kufunga, na silinda hizo huendelea kuvuta hewa na kuitema kwenye bomba la moshi. Sensa ya oksijeni ikiona hewa hiyo yote huiarifu kontrolboksi, yaani kompyuta ya injini, kwamba petroli haitoshi, nayo huongeza petroli kwenye silinda mbili zinazofanya kazi. Petroli ya ziada ikikutana na ile hewa ndani ya masega, yaani kisafisha moshi kilicho kwenye bomba la moshi, huungulia humo humo, na joto lake huyamaliza. Anayechomoa waya wa plagi badala ya nozeli anafanya vibaya zaidi, kwa maana petroli mbichi huosha oili kwenye kuta za silinda.

Gari langu lilitetemeka tangu tulipotoka mjini, taa ya injini ikawaka, na kila palipokuwa na mwinuko nililazimika kukanyaga mafuta hadi mwisho. Nilikuwa nimejaza tangi pomoni kabla ya kuondoka. Niliporudi na kulijaza tena kituo kile kile, liliingia petroli nyingi kuliko ilivyo kawaida kwa safari hiyo.

Fundi mwingine, mzee mmoja mtulivu, ndiye aliyeuliza swali lililopaswa kuulizwa mwanzo: thamostati, kile kifaa kinachozuia maji ya kupoza yasizunguke hadi injini ipate moto, iko wapi? Ilikuwa imetolewa zamani, kama inavyofanyika kwa magari mengi huku kwa hofu ya injini kuchemka, na kwa hiyo injini ilikuwa ikikimbia baridi huku kontrolboksi ikiipa petroli ya injini ambayo bado haijapata moto. Tumeirudisha, tumebadilisha plagi na chujio la hewa, tumejaza upepo wa tairi kwa kipimo kilichoandikwa mlangoni. Nyaya mbili za nozeli zimeungwa upya, na silinda zote nne zinafanya kazi.