Shamba ndani ya msitu: nani hasa anataka mti ukue?

Hii stori ya shamba sistimu, yaani watu kulima ndani ya misitu ya serikali, haiishi. Septemba 2022 Rigathi Gachagua, ndo ameingia tu ofisini kama naibu rais wa Kenya, alisema watu warudishwe kulima misituni, wanamazingira wakaja juu, waliomtetea wakasema jamani ni misitu ya kupandwa tu, ile ya sipresi na paini, sio misitu ya asili.

Wazo lenyewe ni la tangu mkoloni. Unapewa kipande palipokatwa miti, unapanda viazi na maharagwe, katikati yake miche ya serikali, unapalilia vyote kwa jembe moja, na miti ikishafunga kivuli, miaka mitatu hivi, unatoka. Serikali imepaliliwa bure, wewe umevuna kwenye udongo ambao haujachoka. Na viazi vya msituni ni vitamu, nimevila sana, sitajifanya mtakatifu hapa. Tena ukitoa watu wote ile miche inamezwa na nyasi, kisha nani atalipa vibarua?

Lakini angalia hesabu ya mkulima. Siku mti unapofanikiwa ndo siku yake ya kufukuzwa. Kwa hiyo ncha ya jembe inapita chini chini inakata mzizi, juu mche unabaki kijani kama wiki hivi, halafu unakauka, afisa wa misitu akija anaambiwa ni jua kali. Mwaka unaofuata miche mingine, na viazi tena. Wangari Maathai, yule mwanamazingira, aliupinga huu mfumo miaka yote, na mpaka wa "msitu wa kupandwa" nao una tabia ya kusogea usiku. Mfumo wenyewe ulipigwa marufuku zaidi ya mara moja, ukarudi kwa jina jipya la PELIS baada ya sheria ya misitu ya 2005.

Mimi siko upande wa kufunga kabisa. Sipresi inataka kama miaka 25 hadi 30 ndo iwe mbao, na aliyeipalilia kwa kawaida hana fungu lolote pale, sasa ailinde ya nini? Mpe asilimia yake kwa maandishi, kupitia chama chao cha msitu, uone kama jembe litakosea mzizi tena. Kwenye msitu wa asili hapo hapana, hakuna mjadala.

Na kuna kitu watu hawataki kukigusa. Kiambu, hapo karibu na Nairobi, kahawa inang'olewa kila siku, shamba linakatwa maploti ya futi hamsini kwa mia, na sheria inasema shamba halikatwi bila kibali cha bodi ya ardhi, yaani kuna watu wameketi mezani wakagonga muhuri. Udongo mwekundu ule, mvua mara mbili kwa mwaka, umefunikwa na kabro, yale matofali ya saruji ya parking. Halafu tunaambiwa chakula hakitoshi, tupande mlimani tukalime kwenye miti.