Bango la Bucha ya Mjomba

Mjomba wangu alipofungua bucha hapa Karatu alitaka bango lenye mnyama. Si wa kuchorwa, wa picha. Akanikumbuka mimi, dereva wa watalii ninayeshuka kreta ya Ngorongoro na kamera kuukuu mapajani.

"Mjomba, yule ng'ombe wako mwenye ndege mgongoni, nitumie."

"Mjomba, yule ni nyati."

"Ndugu hao. Tuma."

Picha ile niliitolea jasho, jamani. Nyati dume, mzee, mweusi tii, kasimama karibu na msitu wa Lerai jua likiwa limeshapanda, na mgongoni kabeba yangeyange mweupe pe. Hapo ndipo kamera huchanganyikiwa. Kipimo chake cha mwanga huichukulia dunia yote kuwa ya kijivu. Ukikijazia nyati mweusi, kinadhani kuna giza, kinaongeza mwanga. Nyati anapauka, yangeyange anaungua. Na weupe ulioungua haurudi, hata uite mganga. Weusi una huruma kidogo. Basi nikashusha mwanga kwa stopu moja na nusu (kila stopu hukata mwanga nusu), nyati akazama gizani, ndege akapona. Nilipiga kwa faili ghafi, ambalo kwenye kamera yangu hubeba ngazi 16,384 za mwanga kwa kila rangi, wakati JPEG, faili la picha la kawaida lililobanwa, hubeba 256 tu. Nia yangu ilikuwa kumnyanyua nyati taratibu kwenye kompyuta, misuli na matope yake yaonekane, ndege nisimguse kabisa.

Mjomba hakungoja. Kile kijipicha cha JPEG nilichomtumia achungulie tu, upana nukta 1,000, kilifika kwa fundi wa mabango kabla sijavua viatu.

Fundi yule ana dawa moja kwa magonjwa yote: ongeza mwanga. Na nyuma yake kasimama Mjomba, anachochea. "Mnyama mweusi hauzi nyama. Mng'arishe!" Akang'arishwa. Akatiwa na wekundu, nyati wa watu akatoka kahawia, ng'ombe kabisa wa mnadani. Picha ikakatwa ikabaki nusu ya upana, ikavutwa hadi mita 3, kwa hiyo kila nukta ikawa na milimita 6, karibu unene wa penseli. Pembe zikafunikwa na maneno NYAMA SAFI KILA SIKU, sikio moja likachomoza chini ya herufi ya kwanza. Na yangeyange? Mdomo hakuna, miguu hakuna, hata unyoya hakuna. Kikabaki kitu cheupe kimeng'ang'ania mgongoni.

Wa kwanza kuvutwa na tangazo alikuwa mzee mmoja wa mtaani. Alisogea dirishani, akatazama kushoto na kulia, akanong'ona, "Kilo ya nyati shilingi ngapi?" Mjomba akamwambia hapa ni ng'ombe na mbuzi tu. Mzee akakonyeza. "Naelewa, naelewa. Nifungie kilo mbili za huyo ng'ombe."

Baadaye akaja bwana afya, anauliza kwa nini bucha inatangaza mfuko wa plastiki ilhali ulipigwa marufuku tangu Juni 2019. Hajamaliza swali, akaingia askari wa wanyamapori, anataka leseni ya kuuza nyamapori. Nikapigiwa simu.

Nilimkuta Mjomba anaapa kwa marehemu bibi kwamba yule ni ng'ombe. Aliponiona akapiga kelele: "Huyo hapo mpwa wangu! Ndiye aliyempiga!"

"Aliyempiga?" Askari akanigeukia na pingu zake kiunoni.

"Picha!" nikasema. "Picha, afande!"

Nikafungua kompyuta kaunta, kati ya mizani na maini. Sasa mtihani: nikionyesha picha halisi, mfuko unakufa lakini nyati anafufuka. Nikaonyesha. Yangeyange akatokea, unyoya kwa unyoya. Bwana afya akaguna, akafunga daftari. Kisha zikatokea pembe, zimekutana katikati ya paji. Askari akamtazama Mjomba. Mjomba akaitazama mizani.

"Wa kienyeji huyo," akasema, sauti imeshuka.

Friji ikapekuliwa kona kwa kona. Mapaja ya ng'ombe yenye mihuri, utumbo wa mbuzi, basi. Kabla ya kuondoka askari akanivuta pembeni, nikadhani ni rushwa. Kumbe anataka kujua kwa nini tembo anaowapiga kwa simu yake hutoka na mbingu nyeupe. Nikamwelekeza aguse mbingu kwenye skrini, kisha ashushe kile kijua kidogo kinachotokea. Akashukuru, akaamuru bango lishushwe jioni ile ile.

Mjomba akaapa kutafuta mnyama asiye na utata. Akampata: mbuzi wa jirani, mweupe, kafungwa mbele ya ukuta wa chokaa. Nikamsihi, "Mjomba, huyu asiongezewe mwanga."

"Mjomba," akanijibu, "fundi ni fundi."

Bango jipya liko juu tangu juzi. NYAMA SAFI KILA SIKU, na chini yake macho mawili na kamba.