Kadi ya Biashara Si Bango la Nasser Road

Kadi yangu ya kwanza ilikuwa nyeusi tii pande zote mbili, imelaminetiwa ikang'aa kama kiatu cha askari wa gwaride. Jina kwa rangi ya dhahabu, namba ya simu chini kabisa kwa herufi za pointi 6. Niliipenda mno. Siku ya kwanza kuigawa, mzee mmoja wa duka la vipuri aliishika, akainyoosha mbali na macho, akaisogeza, akainyoosha tena. "Mwanangu, hii ni tatu au nane?" Nikamtajia. Akaigeuza aandike bei tuliyokubaliana. Kalamu ikateleza, wino ukabaki kidoleni mwake. Na nilikuwa nimeshachapa 500.

Sasa kazi yangu ni kutengenezea watu kadi, hapa hapa Kampala, na msimamo wangu wengi mtaani hawaupendi: kipande cha milimita 85 kwa 55 kinabeba jina, kazi na njia moja ya kukupata. Basi.

Mteja wa Nasser Road lakini amezoea mabango. Mtaa huu wa wachapaji umejipatia sifa kwa mabango na kalenda, sura za wanasiasa na rangi za kupigiana kelele, na bango lina haki ya kupiga kelele kwa sababu linasomwa na mtu aliye ndani ya taksi. Mtu huyo huyo akija kutaka kadi, anataka bango lilelile liingie mfukoni: picha yake akiwa na suti, huduma kumi na mbili, namba mbili za MTN, mbili za Airtel, na korongo mwenye taji juu ya mistari ya bendera. Korongo tuwaachie serikali, jamani.

Mwaka jana alinijia Hajati mmoja wa Bombo, msukaji wa kawa za kufunikia chakula, zile za Kinubi zenye miduara ya rangi. Alikuja na picha kumi na saba kwenye simu, zote ziingie. Tulivutana asubuhi nzima. Mwishowe nikachukua kawa moja tu, nikaikuza mpaka ikabaki robo ya duara, nyuzi zinahesabika, ikajaza upande mzima na kupotelea kwenye kingo. Hakuna neno hata moja juu yake. Upande wa pili mweupe: jina lake, "Kawa za kusuka, Bombo", na namba moja.

Hajati akaitazama. "Mbona kama haijaisha?"

Hapo kwenye kingo ndipo wengi wanapoharibu. Kisu cha kukatia hakipiti mahali pamoja kila mara, kwa hiyo rangi lazima izidi mstari wa kukatia kwa milimita 3 kila upande, la sivyo unapata uzi mweupe pembeni. Maandishi nayo yakae ndani, milimita 5 kutoka ukingoni. Halafu kuna zile rangi za kwenye skrini. Simu hutengeneza rangi kwa mwanga, mashine kwa wino wa aina nne, na ile kijani inayowaka kwenye simu haimo ndani ya wino huo. Ikifika kwenye karatasi inapoa kama chai iliyosahauliwa. Nyekundu ya Hajati tuliichapa kwanza kwenye karatasi moja, akaweka kawa yenyewe kando yake, akatingisha kichwa. Mara ya tatu ndipo akakubali.

Karatasi tulichukua ya gramu 350 kwa mita ya mraba, upande wa picha umelaminetiwa bila mng'ao, upande mweupe ukabaki mtupu ili kalamu ishike. Maandishi meusi yawe ya wino mweusi peke yake: ukichanganya rangi zote nne kwenye herufi ndogo, zikipishana kidogo tu herufi zinaota kivuli. Namba niliigawa tatu, tatu, tatu, kwa sababu tarakimu tisa zilizobanana hazisomeki kwa sauti bila kukosea, na nikaanza na +256 ya Uganda bila sifuri, maana wanunuzi wake wengine wanatoka Kenya, ng'ambo ya mpaka wa Busia.

Msimbo wa QR wa kufungulia WhatsApp? Sina ugomvi nao, mradi uwe mweusi juu ya nyeupe, usipungue sentimita 2, na uachiwe nafasi kuzunguka. Hajati aliukataa. Wateja wake hupiga simu.

Amesharudi mara mbili kuchapisha nyingine. Watu wanamwandikia vipimo vya sinia kwenye ule upande mweupe na kumrudishia kadi, kwa hiyo zinaisha upesi. Namba ya pili bado anaidai.